Mkono wa Shangazi Mlangoni mwa Gari

Hebu weka simu chini kidogo, mwanangu, fundi wa rangi hatakimbia. Siku uliyotoka hospitali ukiwa kichanga haijanitoka kichwani, na leo nakuona unazungukazunguka uani vilevile alivyozunguka baba yako siku ile.

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la materniti hapa Kasongo, nimekupakata. Baba yako, Saidi, alikuja kutuchukua kwa gari la mzee Amisi, baba yake mkubwa aliyemlea. Mzee alikuwa ameahidi kumkabidhi gari lile awe anapeleka bidhaa Kabambare. Riziki nyingine hatukuwa nayo. Basi, pale langoni, Saidi akakwaruza mlango kwenye baiskeli iliyosheheni madumu ya mawese. Mkwaruzo wenyewe haukuzidi kidole changu.

Akampigia simu fundi aliyekuwa akizunguka mjini na pikipiki, rangi na pampu zikiwa kwenye sanduku nyuma. Fundi akaja, akasugua, akapuliza rangi. Kazi safi kabisa.

"Muache ikauke mpaka magaribi," akasema. "Mutu asiiguse."

Magharibi! Na mzee anatungoja nyumbani, baba yako angeweza kukaa? Alikwenda langoni, akarudi, akaupuliza mlango kwa mdomo, akaupepea kwa kitenge changu. Mimi maumivu ya uzazi hayajaniisha, wewe unalia, na wasiwasi wake ukaniingia na mimi.

"Saidi, tumwambie tu mzee," nikamwambia.

"Nyamaza, mama. Hataona."

Akatupakia, tukaondoka rangi ikiwa mbichi.

Nawe unawajua wanawake wetu mwenzao anapotoka kujifungua. Walijaa njiani wakiimba, kila mmoja na kopo lake la poda, wakatumwagia kwa pongezi, sisi na gari. Shangazi Zaituni, viganja vyeupe pe kwa poda, akaupiga mlango kwa furaha. Alipoondoa mkono, alama ikabaki: vidole vyote vya poda vimenasa kwenye rangi.

Nyimbo zikakatika. Mzee Amisi, aliyekuwa ametoka nyumbani kutupokea, akausogelea mlango, akamtazama baba yako, na baba yako akasema yote.

"Mukwaruzo ningeucheka," mzee akasema. "Njia zetu si unazijua? Lakini mimi nilikulea, Saidi. Leo unamukimbiza muke wako na mutoto muchanga, sababu unaniogopa mimi kama polisi wa barabarani?"

Machozi yalimlengalenga mzee. Baba yako aliumia kuliko kama angechapwa.

Gari alipewa, siku ileile. Ila mzee alikataza mlango usipakwe rangi tena. Miaka yote baba yako aliendesha ule mkono mpaka Kabambare, na kila aliposimama watu waliuliza, naye ikambidi aeleze. Nilicheka sana, nisikufiche.

Sasa wewe umekwaruza gari la kaka yako, unataka fundi amalize kabla hajarudi kutoka Nyangwe. Mwite fundi, si vibaya. Lakini kwanza mpigie kaka yako. Akigomba, atagomba, kisha mtakula pamoja. Ukimficha, utakaa roho juu kila atakapoukaribia mlango ule, na siku akijua, kitakachomuuma ni kwamba ulimwogopa.

Mungu akutulize moyo, mwanangu, akuzungushie watu usiowaogopa. Haya, chukua simu. Piga, nami nimekaa hapa.