Mama Akisema Treni Iko Karibu

Enzi zetu pale Kaloleni, Nairobi, mvua ilisikika kabla haijaonekana. Siku za jua kavu honi ya treni ilitoka mbali, nyembamba, wala huijali. Lakini hewa ikiwa nzito, shati likikuganda mgongoni tangu asubuhi, honi ile ile ilikuja mpaka mlangoni. Hapo Mama aliacha sufuria motoni, akafuta mikono kwa leso na kutuita: "Treni iko karibu. Anueni nguo." Tuliacha gololi zetu za banyo kwenye vumbi, wasichana wakaacha kuruka mpira wa bladda, tukakimbilia kamba ya nguo. Majirani wakimwona Mama anaanua, nao walianua. Nusu ya mtaa iliishi kwa masikio ya mama yangu.

Baba alifanya kazi reli, lakini kwa habari ya mvua aliamini redio tu. Taarifa ya habari ikiisha tulitakiwa kunyamaza hadi utabiri upite. Mtangazaji alitaja Bonde la Ufa, akataja Magharibi, kisha Nairobi: mawingu asubuhi, vipindi vya jua mchana, manyunyu katika maeneo machache. Baba aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa siri. Siku moja nilimuuliza kama Kaloleni ni miongoni mwa hayo maeneo machache. Akanijibu, "Nyamaza, sasa wako Pwani." Hadi leo sijui.

Lakini zilikuwa mvua kweli. Kumbikumbi walijaa chini ya taa ya barabarani, tukawakusanya kwenye mkebe na Mama akawakaanga kwa chumvi. Sweta za shule zilikauka juu ya jiko, na darasa zima likanuka moshi, mwalimu pia. Tulivua viatu tukavibeba mkononi ili visiharibike, miguu ikajijua. Watoto wa siku hizi mvua ikianza wanasimama dirishani kupiga video ya nguo zikilowa. Binti yangu Nekesa ninaye hapa, sisemi kwa kusikia.

Sasa wiki hii. Mvua za vuli zimekuja na joto la ajabu, unatoka kuoga na tayari unatoa jasho. Jumatatu simu ilisema mvua kubwa kutwa, nikabeba mwavuli kwenye jua kama kichaa. Jumanne ikasema jua, nikalowa hadi mfupani, na nywele nilikuwa nimetoka kusuka. Kila asubuhi ndugu yangu Wafula alituma utabiri kwenye kundi letu la familia, na kila asubuhi mimi niliuamini. Sijui kwa nini.

Alhamisi Wafula alituma kitu kingine. Jirani alikuwa amempigia simu kwamba Mama, ambaye bado anaishi peke yake katika nyumba ile ile, anaanua nguo kila siku jua likiwaka, zikiwa bado zinachuruzika maji, akisema treni iko karibu. Na Mama ni mtu ambaye siku hizi ukibisha mlango hasikii. "Mama hajielewi tena," Wafula aliandika. "Jumamosi tukutane kwake. Kama ni kweli, namchukua aje akae kwangu Kitengela." Mama nje ya Kaloleni ningemwona siku chache tu akinyauka. Na mimi mwenyewe, kwa wiki niliyokuwa nayo, sikujua aliyechanganyikiwa ni Mama au ni mbingu.

Jumamosi tulikunywa chai kibarazani kwa Mama, mimi, Wafula na Nekesa, jasho likitutoka. Shuka zilikuwa kambani. Mama alimuuliza Wafula kuhusu watoto, akakumbuka majina yote, hata la yule mdogo aliyebadilishiwa. Nikaanza kupumua. Kisha akaweka kikombe chini.

"Treni iko karibu. Anueni."

Sikuwa nimesikia kitu. Wafula akaniangalia.

"Shosh, fone inasema leo ni jua tupu," Nekesa akamwambia nyanya yake.

"Hiyo fone yako imewahi kuanika nguo?"

Tulianua. Hata Wafula na kitambi chake alianua, uso umekunjamana. Tukakaa ndani katikati ya shuka mbichi, tukingoja, na mimi nilikuwa naomba inyeshe kama ninavyoomba mambo makubwa. Wingu jeusi likaja kweli. Radi ikapiga. Tukaiona mvua ikimwagika ng'ambo ya reli, Makongeni, nyeupe kabisa. Kwetu halikudondoka hata tone. Baada ya muda jua likarudi.

Wafula akasafisha koo. Nilijua anachotaka kusema.

Mama alichungulia dirishani, akacheka. "Nimekosea. Zirudisheni."

"Mama," Wafula akasema polepole, "wewe hukuwa unakosea."

"Nani alikudanganya? Siku nyingi haikunyesha. Mlikuwa mnaanika tena, mnarudi kwa banyo zenu, mnasahau. Nyinyi mnakumbuka zile za mvua tu."

"Na treni? Unaisikia?"

"Nitaisikia na masikio gani? Hewa ikinibana kifua, naanua. Kwani baba yenu na redio yake alikuwa anapata?" Akamkabidhi beseni la shuka. "Toka na hizi, zitanuka."

Wafula alilichukua. Mambo ya Kitengela hakuyagusa, si wakati ule wala tulipokuwa tunaaga. Mimi nilimfuata nje na vibanio, kichwa kimejaa. Nimewasimulia watu miaka yote hii kwamba enzi zetu mvua ilijulikana, mambo yalikuwa na mpangilio, si kama sasa. Kumbe hata zamani hakuna aliyejua. Tulikuwa tu na mtu wa kutuambia tukimbie, na tukakimbia wote pamoja. Hilo ndilo ninalolikosa, na simu hainipi.

Nilikuwa nabana shuka ya mwisho niliposikia honi. Ilikuwa karibu, karibu kabisa, kama iko mlangoni. Jua lilikuwa linawaka. Nikamtazama Wafula, nikaona naye ameisikia. Tukageuka wote wawili kuangalia dirishani, tukingoja Mama atuambie.