Siku Benedikta Alipofunga Dodoso

Mwaka 1987 nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Masakta, na Benedikta Akonaay akaja kupanga chumba kwangu. Alikuwa binti wa wakulima wa Kiiraqw kutoka kijiji cha Daudi, kule juu Mbulu, akisomea shahada ya uzamili Dar es Salaam. Alitaka kujua familia inaumia vipi moyoni inapohama na kuacha mila zake nyuma.

Aliitembelea zaidi familia ya Gidamis, mfugaji wa Kidatoga aliyehamia karibu nasi baada ya mashamba ya ngano ya serikali kufika kwenye malisho yao. Tangu wahame, mama yake mzee hakusema na mtu. Majirani walidai amerukwa na akili.

Mara tatu Benedikta alikwenda na dodoso lake. "Shikamoo, mama." Kimya. Gidamis alitafsiri maswali kwa Kidatoga; wapi!

Mara ya nne, akikusanya karatasi zake, Benedikta alijisemea kwa Kiiraqw kwamba miguu inamuuma. Mama akageuka, akamjibu kwa Kiiraqw hicho hicho: "Basi kaa, mwanangu. Nani amekusimamisha?"

Gidamis hakuwahi kumsikia akisema lugha hiyo. Kumbe usichanani mama alikuwa akipeleka samli mnadani Mbulu, akajifunza lugha huko. Benedikta alifunga dodoso, akakaa mpaka ng'ombe wakarudi. Mama akamweleza kwamba kaburi la mumewe limebaki katikati ya ngano, na hakuna anayekwenda. Angewezaje kukaa akipiga soga?

"Mbona hukuniambia, mama?" Gidamis aliuliza.

"Na wewe ulikuwa unaumia."

Kesho yake Benedikta alikwenda kumwomba meneja wa shamba ruhusa ya kufika kaburini, akaipata. Tulikwenda wote kwa njia ya matrekta, ngano ikitufika kiunoni. Mama alimwaga maziwa kaburini, akalia kwa sauti. Benedikta hakuandika hata neno.

Mama hakupona siku moja. Kuna wiki alirudia ukimya wake. Lakini alianza kuwaita wajukuu kwa majina, na jioni akawa anataka kuketi nao.

Chuoni msimamizi alimlaumu Benedikta kwa madodoso pungufu. Hakubishana, aliomba mwaka mwingine, akautumia kujifunza Kidatoga. Alipohitimu alipewa kazi mjini, akaikataa. Alirudi kwetu, akawa anatembelea familia zilizohama, boma kwa boma, kwa miguu. Nimepangisha wasomi wengi chumba kile. Ni yeye tu ambaye, kila aliposafiri, nilisikia wenyeji wakiulizana anarudi lini.