Usukani Ulionizoea

Kuna wakati niliamini, kwa moyo wote na akili zote, kwamba chuma cha baiskeli humzoea mtu. Aliyeniambia ni mwuzaji wa baiskeli kuukuu pale sokoni Karatina, mtu ambaye angeweza kumuuzia samaki maji. Niliujaribu usukani, nikalalamika kwamba ni mgumu, kwamba kila kokoto ya barabarani inanigonga hadi kwenye meno. Akanitazama kwa huruma.

"Ati mgumu? Bwana, hiyo chuma bado haikujui. Endesha miezi sita. Ikikuzoea, itaanza kukunesea yenyewe. Lakini usipee mtu mwingine aishike. Ikishikwa na mkono mwingine, inakusahau siku hiyo hiyo."

Msinicheke mapema. Nilikuwa nikimalizia sekondari kwa madarasa ya jioni, na kwenye sayansi hakuna aliyenifikia, lakini sayansi yenyewe nilikuwa nikiiacha pale darasani pamoja na vumbi la chaki. Tena nilikuwa nimetoka Kianyaga juzi tu, na katika Nyeri nzima hapakuwa na mtu wa kuniuliza nimekula nini. Nilipanga chumba Majengo, chumba kidogo hivi kwamba nikitaka kugeuka kitandani ilibidi kwanza nifungue mlango. Baiskeli ililala humo humo, gurudumu la mbele likiwa karibu na mto wangu.

Asubuhi nilibeba mikate kutoka kwa mwoka mikate mmoja mjini na kuipeleka kwenye vibanda hadi King'ong'o. Ukiteremka kwenye daraja la Chania lazima upande tena upande wa pili, na mlima ule, nawaambia, ukianza kuupanda ukiwa umenyoa ndevu unafika juu unahitaji wembe. Wenye vibanda waliniuliza, "Leo ni ngapi?" Nikawaambia ni ngapi. Kulikuwa na wiki ambazo hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yangu yote.

Miezi ikapita. Asubuhi moja, nikiwa nimesimama juu ya pedali, nikauvuta usukani kwa mkono wa kushoto, nao ukanifuata. Kidogo tu, kama upana wa unyasi, kisha ukarudi mahali pake. Nikavuta tena. Ukanifuata tena. Nilishuka katikati ya mlima na mikate yangu, nikausalimia. Kwa sauti. Mama aliyekuwa akipita na mzigo wa kuni mgongoni aliharakisha.

Tangu siku hiyo nilirudi chumbani kama mtu anayerudi nyumbani. Ile shingo ya usukani, yaani kipande kile cha chuma kinachoushika usukani na kuteremka ndani ya fremu, nikaivisha utepe wa mpira niliokata kwenye tyubu kuukuu, ili isipigwe na baridi ya Julai. Ikazidi kunesa. Nikazidi kufurahi.

Chumba cha pili kilikuwa cha mzee mmoja mchomeleaji wa mageti, yeye na mkewe. Jumamosi moja mzee akabisha hodi. Alitaka baiskeli kwa nusu saa tu, apeleke gunia la mahindi ya mkewe kwenye kinu.

"Mzee, hii haiwezi," nikasema.

"Haiwezi kubeba gunia, na mikate yote ile?"

"Haitaki mkono mwingine."

Mkewe ndiye aliyejibu kutoka uani. "Baba, wachana na yeye. Si uioe basi, kijana! Tutakuletea mbuzi wa mahari!"

Wapangaji wote wakacheka, hata wale ambao sikujua kama wapo. Nami nikacheka, nikafunga mlango. Kabla ya hapo, mama yule alikuwa akinipitishia kikombe cha chai dirishani Jumapili asubuhi. Jumapili iliyofuata nilikaa tayari, nimevaa shati safi. Saa tatu, saa nne. Nikasikia vikombe vikioshwa. Nikaipangusa baiskeli mara ya pili na kujiambia kwamba angalau huyu mmoja ananijua.

Halafu mvua zikaja. Nilikuwa nikiteremka kuelekea Chania nilipofunga breki, na usukani ukaniinamia mbele kama mtu anayesinzia kanisani. Mikono ilienda huku, gurudumu kule. Sijui nilisimamaje. Miguu yangu ililima mtaro ambao kaunsili ya mji ingeweza kuutumia kwa mabomba. Mikate minne ilitangulia darajani bila mimi.

Nikaisukuma baiskeli hadi Majengo kwa miguu. Mzee alikuwa uani akinoa patasi.

"Mbona leo unatembea?"

Nikamwambia usukani umezidi kunesa. Akaweka patasi chini. "Lete nione."

Nilisimama pale nimeshika baiskeli kwa mikono miwili. Akiigusa, itanisahau, na nitaanza upya miezi sita na chuma kisichonijua, katika mji usionijua. Mzee alingoja, mkono ameunyoosha. Alikuwa na kila sababu ya kuniacha nife na siri yangu. Nikamwachia.

Akakata ule utepe wa mpira kwa kisu. Chini yake, pale shingo inapokutana na usukani, palikuwa na mstari wa kutu, mwembamba kama unywele, umezunguka zaidi ya nusu. Akausukuma usukani kwa kidole gumba. Mstari ukafunguka, ukafumba.

"Lakini ilikuwa imeanza kunizoea," nikasema, kisha nikamweleza yote, ya Karatina na ya mkono mwingine. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Akasema polepole, kama anavyosema mtu akitaja saa:

"Chuma haizoei mtu, kijana. Hii ilikuwa inanesa kwa sababu imepasuka."