Muuza Asali na Kamera ya Mgeni

Wiki iliyopita, kwenye treni ya kutoka Mwanza, nilikaa na mgeni wa Kizungu na kijana aliyekuwa akimwongoza kupiga picha za wanyama kwenye kisiwa cha Ziwa Viktoria.

Tulipofika Igalula, mama mmoja muuza asali alisogea dirishani. Mgeni akainua kamera. Mama akaiziba kwa kiganja.

“Shikamoo mama,” kijana alisema kwa haya.

“Marahaba. Mwambie asubiri, nikavae.”

Akatua ndoo, akakimbilia nyumbani kwake, nyuma ya stesheni. Alirudi anahema, kavaa kanga mpya za duka la ujamaa, akasimama wima, mikono ubavuni, tayari kwa picha. Mgeni alikuwa ameshaifunga kamera mkobani.

“Anasema ameshakupiga, mama, pale ulipokuwa unakimbia. Ndivyo anavyopenda. Hata kiboko wa kule kisiwani tulimpiga hivyo hivyo, baada ya kumngoja siku nne.”

“Siku nne!” Mama alizitazama kanga zake, akainua ndoo. “Na kiboko mwenyewe hana hata nguo ya kubadilisha.”

Treni ikaondoka. Mgeni akauliza mama kasema nini. Tulifika Dodoma kijana bado anatazama nje.