Maji ya Kumwoshea Mjomba Shaibu

Karafuu maiti haina adabu. Kopo lake likifunguliwa dukani, harufu inakuvamia hata kama umekwenda kununua sabuni tu. Ndivyo ilivyonipata juzi sokoni Nachingwea. Muuza duka alikuwa anamfungia mzee mmoja mahitaji ya maziko, mimi nimesimama nyuma nangoja zamu yangu, mara machozi hayo! "Dada, umefiwa?" akaniuliza. Nikamwambia ndiyo. Sikumwambia kwamba ni zamani, angeniona nimechanganyikiwa.

Nilikuwa darasa la tatu, nikilelewa na Babu na Bibi, wazazi wa mama yangu, kule Nandagala, upande wa Ruangwa. Mtoto wao wa mwisho, Mjomba Shaibu, alikuwa mwanajeshi. Akija likizo alinivika kofia yake iliyonifunika mpaka puani, akanipigisha gwaride kwenye mikorosho mpaka kuku wakahama uwanja. Kisha alikaa chini akala ugali wa muhogo kwa mbaazi, akaongezewa, akaongezewa tena, hadi Bibi akauliza kama huko jeshini wanalishwa au wanapewa bunduki tu.

Halafu akapelekwa Kongo kulinda amani. Babu hakulikubali jambo hilo hata siku moja. Kila taarifa ya habari alikuwa na ugomvi na redio. "Amani gani hiyo inalindwa kwa risasi? Wagombane wao, afe mwanangu! Kwa lipi?" Bibi, akipepeta ufuta wake, alimjibu bila kuinua macho, "Gombana nayo, Baba Shaibu, maana masikini haina pa kukimbilia." Mimi nilicheka. Sasa nikikumbuka naona Bibi mwenyewe hakuwa akicheka.

Kijijini jambo lile liligawa watu. Kwenye kijiwe cha kahawa kulikuwa na wazee waliokumbuka wapigania uhuru wa Msumbiji walipopiga kambi Nachingwea. Walisema sisi watu wa huku tuligawana nao muhogo, na vijana wetu wengine walikufa kwa ajili ya vita ile, wala hakuna aliyesema haituhusu. Basi na hawa wa Kongo wana watoto wanaochinjwa, nani awatetee? Babu alisonya. "Wale walidai nchi yao. Hawa wanagombea madini. Damu ya mwanangu haiendi kununua madini ya mtu." Aliyemuunga mkono kuliko wote ni Babu Issa, kaka yake Bibi, aliyekuwa akiendesha baiskeli kutoka Chinongwe, jua lote lile, kuja kukubaliana naye tu. Shemeji hao walipendana jamani. Hata kunyoa walinyoana wenyewe.

Gari la jeshi lilipoingia kijijini asubuhi moja, hakuna aliyeuliza limefuata nini. Bibi alikuwa jikoni. Aliweka mwiko chini polepole, akasema, "Ni Shaibu," akakaa palepale kwenye majivu.

Mwili ulichelewa kufika. Matanga yakawekwa, wanaume mbele ya nyumba, sisi wanawake na watoto uani nyuma ya ua wa nyasi, ambako kila neno la mbele lilisikika. Na maneno yalikuwepo! Mwingine anasema kijana amekufa kishujaa, mwingine anasema amekufa bure, wanarushiana juu ya mikeka ya msiba mpaka imamu akaja kuwanyamazisha. Bibi hakuwa upande wowote. Alikuwa na neno moja tu, na alilirudia kwa kila aliyekuja kumpa pole: "Nilimwogesha alipokuja duniani. Nataka aoshwe hapa nyumbani, kwa maji niliyomchemshia mimi, nami nimwone uso." Alinituma kuchuma majani ya mkunazi. Akatenga sanda, pamba na karafuu maiti, akavifunika kwa kanga ambayo Mjomba alimletea likizo ya mwisho.

Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na kwenye msiba msemaji ni mjomba wa marehemu. Kwa hiyo mwenye neno la mwisho alikuwa Babu Issa, naye alishamwahidi dada yake: ataoshwa. Sanduku lilipofika, limefunikwa bendera, Bibi alikuwa tayari amebandika chungu kikubwa na maji yameanza kutoa mvuke. Kupitia nyufa za ua tulimwona mkubwa wa wanajeshi waliolileta akimshika Babu mkono, wakasogea pembeni kwenye ghala la korosho, wakazungumza. Hawakukaa sana. Babu aliporudi, alisimama mbele ya watu akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Mwanangu ni shahidi. Shahidi haoshwi. Sanduku halifunguliwi."

Unajua, kwa sisi Waislamu, aliyekufa vitani akipigania haki huzikwa na nguo zake na damu yake bila kuoshwa. Basi yale mabishano ya kwenye kahawa yakawa sasa ndiyo yanaamua kama Bibi atamwona mwanawe au hamwoni.

Babu Issa alicheka kwanza, kicheko cha mtu asiyeamini masikio yake. "Shahidi wa nini, shemeji? Wa madini? Juzi hapahapa umesema nini?"

"Nilikosea. Amekufa akitetea watoto wa watu. Wapigania uhuru hatukuwalisha sisi? Hatukuwafia?" Alikuwa anayatema maneno yaleyale ya wazee aliowasonya miaka yote.

"Mnafiki wewe! Mimi ndiye mjomba wake. Nasema lifunguliwe."

"Na mimi ndiye baba. Anayetaka kulifungua aanze kuniua mimi."

Imamu, mzee mpole aliyezoea kusuluhisha ugomvi wa mbuzi waliokula mimea ya watu, alisema kwamba nani shahidi na nani siye, anajua Mungu. Babu akamgeukia. "Shehe, utasimama mbele ya mama yake useme mwanangu amekufa bure?" Imamu akalitazama sanduku. Kisha akasema azikwe alivyo.

Bibi alisikia yote kupitia ua. Hakupiga kelele. Alikaa mbele ya chungu chake mpaka wanaume walipolibeba sanduku, na Babu alipopita uani kumuaga, akamwambia, "Umeniibia mtoto." Babu akaitikia, "Ndiyo, Mama Shaibu," akaenda kuzika. Moto ulizimika wenyewe, na maji yale yakamwagwa kesho yake na jirani, maana Bibi alikataa kuyagusa.

Babu Issa hakukanyaga tena kwetu. Kijiweni walimchokoza Babu kwa makusudi, kila redio iliposema wanajeshi wengine wamekufa huko, walimgeukia: "Haya, mzee, na hawa nao vipi?" Naye alijibu, "Wamekufa kwa haki," akaacha kahawa yake nusu kikombe, akaondoka. Wengine walisema serikali imemziba mdomo. Mimi, jamani, nilijivuna! Shuleni nilikuwa mtoto wa dada wa shahidi, na nilimpenda Babu kwa kulisema lile neno mbele ya watu. Nilimwona Bibi kama mtu asiyeelewa ushujaa.

Bibi aliendelea kumpikia na kumfulia. Hakumtania tena. Ule utani wao wa kutwa nzima ulikatika siku ile, na nyumba ikawa na ukimya ambao mimi niliudhania ni uzee. Bibi akafa hivyo, bila kumsamehe.

Mwaka jana Babu naye akatutoka. Msibani alikuja mstaafu mmoja wa jeshi anayeishi Nachingwea. Akaniita pembeni akaniambia yeye ndiye aliyelisindikiza lile sanduku. Alikuwa amemweleza Babu kwamba ndani hamna cha kuosha. Kombora halikuacha uso, halikuacha mwili. Waliokusanya walikusanya walichoweza. Alimuuliza Babu kama amweleze mama. Akasema mpaka leo anayakumbuka majibu yake: "Mkubwa, vita yenu hii siikubali, na leo ndiyo siikubali kabisa. Lakini mke wangu asilifungue hilo sanduku, wala asijue kwa nini. Niachie mimi, nitasema lolote."

Mtoto niliyekuwa alimwona mtu aliyebadili mawazo. Kumbe Babu alikuwa anauma ulimi kila siku, mbele ya watu, anaitetea vita iliyomuulia mwanawe, kwa sababu neno shahidi ndilo kufuli pekee alilolipata. Akilitoa tu, Bibi angeuliza: basi kwa nini hakuoshwa? Angeweza kumwambia ukweli siku yoyote akarudishiwa mke wake. Akachagua achukiwe, ili Bibi afe akimkumbuka Shaibu akiwa mzima, na uso wake.

Nilikwenda Chinongwe kumwambia Babu Issa. Amezeeka, haoni vizuri, alikuwa amekaa kibarazani anabangua korosho kwa kupapasa. Nilimsimulia yote.

"Kwa hiyo ile vita hakuikubali?" akaniuliza.

"Hakuikubali, Babu. Mpaka anakufa."

Korosho zilimponyoka mkononi. "Sasa mbona mimi hakuniambia? Mimi, shemeji yake?"

Nikamwambia ukweli, kwamba Babu angemwambia yeye, naye angemwambia dada yake. Akatikisa kichwa kukubali. Kisha mzee yule akaanza kulia kwa sauti, kama wanavyolia wanawake wa kwetu msibani, akiliita jina la Babu yangu, shemeji ambaye yeye mwenyewe hakuja kumzika.