Sahani Zisizorudi kwa Mama Joyeuse

“Atakufa njaa na masahani yangu yote mu nyumba yake, na mi nitakulia mu mikono,” Mama Joyeuse alikuwa akisema, amenishika mkono kana kwamba ni mimi niliyemwibia. “Jana babukwe balitoka Sandoa, bazazi ya bwana ya Joyeuse, nikabapakulia bukari mu bifuniko ya chungu. Bifuniko, mama. Balishukuru, lakini niliona macho yao.”

Mwizi mwenyewe alikuwa Tata Ntambwe, jirani wa nyuma ya ukuta, fundi mstaafu wa malori ya mgodi. Babu yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, na ukoo wote ukabaki hapa Kolwezi. Mke wake Tina alifariki kabla ya mvua kuanza. Mzee anaweza kufungua injini na kuifunga amefumba macho, lakini bukari yake, ugali wetu wa huku, ilikuwa na mabonge ya kuvunjia madirisha. Mama Joyeuse alivumilia harufu ya chungu kinachoungua, akachoka.

Huruma ya mama huyu, usipomjua, utadhani ni ugomvi. Alikuwa anaweka sahani juu ya ukuta, kisha anapaza sauti: “Tata Ntambwe, nyumba yangu inajaa mabaki. Kula, ao patia mbwa.” Mzee hana mbwa. Na mabaki gani yale, yanatoa moshi, na kipande cha katikati cha samaki tomsoni juu yake? Mume wake, Tata Mbuyu, aliuliza siku moja kwa nini mabaki yanatoka kwenye chungu kabla ya chakula. Akapewa mkia, akaambiwa una mifupa kidogo.

Sahani zilikwenda, hazikurudi. Hilo angelikalia kimya, ila si kimya sana. Lakini wiki ile chakula kilikaa ukutani mpaka siafu wakakichukua, na mzee akajibu kutoka ndani kwamba ameshiba.

“Mutu ya kushiba hana shingo kama ile,” Mama Joyeuse aliniambia, sauti imeshuka. “Twende. Utakuwa shahidi.”

Alipiga mlango. “Tata, fungua. Nakuja kuchukua masahani yangu.”

Angesema amekuja kumjulia hali, mlango usingefunguka. Kwa deni, ulifunguka. Suruali ya mzee ilifungwa kwa waya wa umeme kiunoni. Mezani, juu ya kitambaa cha marehemu, sahani zilikuwa zimepangwa, zimeoshwa, zinang’aa.

“Sikuiba, mama.”

“Kama haukuiba, hii ni nini? Duka?”

“Kwetu sahani ya jirani hairudi wazi, bila kitu ndani. Tina alikuwa anaitiamo karanga, mihogo, hata chumvi. Mi niko na nini? Kila sahani yenye inaingia, deni inapanda. Nikaona afazali nisipokee tena.”

Basi ndiyo hivyo: mzee alikuwa anajiua kwa adabu.

Mama Joyeuse akasema, “Ni hii tu? Tata, mi ni mutu ya Kabongo. Kwetu sahani inarudi wazi. Ukitia kitu ndani, unatukana mwenye alikupikia. Ni kama kumuambia chakula yake haikutosha.”

Mimi pia nimezaliwa Kabongo. Huko ukirudisha sahani wazi, jina lako linafika sokoni kabla yako. Niliangalia miguu yangu.

“Wazi kabisa?” mzee akauliza.

“Kabisa.”

“Hata chumvi?”

“Chumvi ndiyo mubaya zaidi.”

Tata Ntambwe akatikisa kichwa, kwa kutuhurumia. “Banasemaka bantu ya Kabongo habana adabu. Nilikuwa nakatala.”

Mama huyu aliwahi kumnunia muuza unga mwaka mzima kwa sababu alisema watu wa Kabongo wanaongea sana. Nilimwona akimeza.

“Ndiyo, tata,” akasema. “Hatuna.”

“Basi hakuna deni?”

“Hakuna.”

Mzee akampa sahani kwa mikono miwili, halafu akarudisha moja mezani. “Hii iache. Jioni utatia mu nini?”

Tulitoka, mzee akituangalia kutoka mlangoni. Bamama walikuwa wamejaa kwenye robinet, na ndoo zao, wanangoja maji. Njia ya nyuma ipo, lakini Mama Joyeuse alipita katikati yao, sahani kichwani, zote wazi, akamsalimia kila mmoja kwa jina.