Sifuri ya Shangazi Safia

Nuru Assumani hajui kukataa. Ukimletea simu iliyozama mto Lualaba ataipokea, ukimwomba akuchajie betri bure atakuchajia, na bado atakuuliza kama umekula. Ana kibanda karibu na soko la Kasongo, paneli ya jua juu ya bati, na laptopu ambayo nusu ya herufi zake zimefutika kwa kubonyezwa. Kwenye laptopu hiyo amejitungia lugha yake ya programu, yenye amri za Kiswahili kitupu. Mjini walimcheka. Wanafunzi wanaojifunza kwake hawakucheka.

Amri aliyoipenda kuliko zote inaitwa *namba*. Kazi yake ni kugeuza maandishi kuwa namba kamili. Unaipa vitu viwili: maandishi yenyewe, na msingi wa kuhesabia, kumi kama sokoni au mbili kama ndani ya mashine. Ukiipa "101" kwa msingi wa mbili, inakurudishia tano. Ukiipa "kuku", inakataa, na hata hilo lilimuuma Nuru alipoifundisha. Lakini ukiipa msingi bila maandishi yoyote, ilikuwa inarudisha sifuri kimyakimya. Nuru aliona aibu kumgombeza mtu aliyesahau tu.

Basi kaka yake Kassimu akapata mchumba, na Nuru akajitia kimbelembele. Programu yake itawatumia ujumbe waalikwa wote wa harusi, iwaulize watakuja wangapi, ijumlishe majibu kwa *namba*, mama ajue apike sufuria ngapi za wali. Wakwe walikuwa wanatoka Kabambare, watu wenye macho. Mgeni akikosa sahani siku ile, habari itasimuliwa mpaka mtoto wa kwanza wa Kassimu aote meno.

Jumla ilipotoka, aliipeleka jikoni kwa madaha. Mama yake aliitazama, akaacha kuchambua mchele.

"Ni hawa tu? Na shangazi yako Safia wa Wamaza?"

"Sifuri, mama."

"Safia, sifuri? Na baba mudogo Iliasi?"

"Na yeye sifuri. Hawakujibu."

Mama alicheka mpaka akashika kiuno. "Mutoto yangu, ndugu wa damu hajibu mwaliko. Mwenye kujibu ni mugeni. Ndugu anakuya tu, na watoto yake yote, na ya jirani pia. Kwa Safia andika makumi mbili, tumalize."

Nuru alirudi kibandani jasho likimtoka. Akaiongezea *namba* mstari mmoja: pasipo na maandishi, simama, useme kinachokosekana. Akaiendesha upya. Programu ilifika kwa Shangazi Safia, ikalalamika, ikagoma kwenda mbele. Ilikuwa rahisi kuiandikia yale makumi mbili ya mama na kuinyamazisha. Nuru akakataa, na yeye mwenyewe akashangaa.

Akarudi jikoni. "Hatujui, mama," alisema. "Naenda kumuuliza."

Simu ya shangazi haikupatikana, kwa hiyo alipanda pikipiki ya kukodi, nyuma ya dereva, mpaka Wamaza, akafika mwekundu kwa vumbi. Alitegemea kukuta mabegi yamefungwa, kuku wamefungwa miguu, na kelele za watoto. Alimkuta Shangazi Safia peke yake kwenye mkeka, amejifunika kitenge mabegani ingawa jua lilikuwa linachoma. Mashavu yalikuwa yameingia ndani.

Nuru alikuwa ameshafungua mdomo, swali likamtoka kabla hajalizuia. "Shangazi, mutakuya wangapi?"

"Ile telefone yako iliniuliza vile vile." Shangazi hakupandisha sauti. "Nikasema, huyu mutoto nilimubeba mugongoni, leo ananihesabu kama mugeni. Haikuniuliza kama niko muzima. Malaria imenilalisha, Nuru. Sikukuwa nakuya."

Kumbe programu ilikosea swali, na mama naye alikosea jibu. Nuru aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Alivua viatu, akakaa mkekani, akaushika mkono wa shangazi, mwepesi na wenye joto.

"Uko muzima, shangazi?"

Shangazi alimtazama. Kisha alimwita jirani amtekee maji ya kuoga, akajishika goti, akainuka.

"Andika moja," alisema. "Na ule wa pikipiki aende polepole."